Ng'ombe Wote wa Usangu ni wa Mwigulu

Kaka yangu Seni hakuwahi kuwa mchungaji mzuri. Nyumbani kwetu Usangu jambo hilo lilijulikana mapema. Akitumwa malishoni alirudi na ng'ombe pungufu, kwa sababu alikuwa amekaa chini ya kichaka akifungua redio iliyokufa ili aone kilichomo ndani. Mara ya kwanza baba alimchapa. Mara ya pili alimgombeza. Mara ya tatu alicheka, akamwambia mama, "Mayu, huyu mpeleke shule. Kule hakuna cha kupotea."

Basi Seni akasoma, na alisoma kweli. Alipomaliza chuo alipata kazi Iringa mjini, kwenye kampuni ndogo iliyopanga chumba juu ya duka la pembejeo. Walikuwa vijana wachache wakiandika programu za kompyuta: ya SACCOS kutunza hesabu za wanachama, ya shule kujua nani amelipa ada, ya zahanati kupanga foleni ya wagonjwa. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kufundisha sekondari, tukapanga nyumba moja kule Ipogolo, kando ya barabara kuu, ambako malori ya Zambia yananguruma mchana kutwa. Nilikuwa namwona jioni ameinamia kompyuta yake, chai imepoa pembeni, midomo ikicheza kama mtu anayesali.

Baba yetu, Mzee Mwigulu, hakuielewa kazi hiyo. Kila tulipokwenda likizo alimuuliza swali lilelile.

"Seni, kazi yako unashika nini?"

"Nashika kompyuta, baba."

"Inazaa?"

"Haizai."

"Inakamuliwa?"

"Haikamuliwi, baba."

"Basi umeajiriwa na ukuta."

Wote tulicheka, na Seni alicheka kuliko sisi. Lakini kwenye basi la kurudi alikuwa akigeukia dirishani mpaka tupite Makambako. Mimi nilijua anachotaka. Alitaka siku moja baba ashike mkononi kitu kilichotoka kwenye kazi yake, akione ni kitu.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na hakuwa mtu wa kitu kingine. Alitoka Meatu akiwa kijana pamoja na rafiki yake Bartolomeo, wakiwaswaga ng'ombe kwa miguu kutafuta majani, hadi wakafika bonde la Usangu na kujenga maboma jirani. Bartolomeo, kama wafugaji wengi, aliwapiga ng'ombe wake chapa ya moto pajani kila kiangazi. Baba hakuchoma hata mmoja. Alisema, "Ng'ombe anayejulikana hachomwi moto." Aliwajua kwa nyuso, kwa mwendo, kwa namna kila mmoja alivyotingisha masikio. Watu wa Usangu walilijua hilo na walimheshimu kwalo.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Tulimpeleka hospitali Mbeya, daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuharibika hakirudi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akauliza njia ya kutokea iko upande gani.

Nyumbani alianza kukaa kwenye mlango wa zizi jioni ng'ombe wanaporudi. Walipita mbele yake kama vivuli. Alikuwa akimuuliza Mayu, mama yetu, "Nani huyo amepita?" Mayu aliwajua wale anaowakamua tu, kwa wengine alibahatisha. Baba alikuwa akijua kwamba anabahatisha, na hakusema.

Hapo ndipo Seni alipopata wazo lake. Halikuwa la kampuni wala la mtu yeyote. Alilifanya kwa muda wake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe. Alitaka kuandika programu ambayo mtu akiielekeza simu kwenye uso wa ng'ombe, simu inataja jina la ng'ombe huyo kwa sauti.

Kwa miezi mingi kila aliporuhusiwa kazini alikwenda Usangu. Baba alikaa kwenye mlango wa zizi, akimpapasa kila ng'ombe kuanzia pembe hadi kidari na kutaja jina lake, na Seni akampiga picha nyingi: asubuhi, jioni, akiwa na tope, akiwa na vumbi, akitafuna, akigeuza shingo. Kompyuta, alinieleza, hujifunza kama mtoto. Unamwonyesha uso, unamwambia jina, unarudia hadi ajue.

Sauti aliniomba mimi. "Wewe una sauti ya upole, Yusta. Haitawashtua." Nilijifunika blanketi ili malori ya Ipogolo yasisikike, nikataja majina ya ng'ombe wa baba mmoja mmoja kwenye simu. Kabula nilimrudia mara kadhaa kwa sababu nilikuwa nacheka. Kabula alikuwa mtamba wa kijivu mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso na tabia ya kutingisha sikio la kushoto, aliyezaliwa mvua ikinyesha, na baba alimpa jina ambalo kwetu hupewa binti aliyezaliwa hivyo.

Kazini walimtania. Brayson, Mnyakyusa aliyekaa naye meza moja, alimwambia mbele yangu siku niliyompelekea chakula, "Msukuma, umesoma mpaka chuo ili urudi kuchunga?"

"Nachunga nikiwa kivulini, mla ndizi wewe."

"Haya. Na umeshaijaribu kwa ng'ombe wa watu wengine?"

"Ya nini? Mzee anawatazama ng'ombe wake tu."

"Nauliza tu."

Seni hakupuuza kwa kiburi. Kwetu mtu haingii kwenye zizi la mwenzake na kuanza kuwakodolea ng'ombe wake macho, seuze kuwapiga picha mmoja mmoja. Ni kama kuwahesabu, na ng'ombe wa mtu hawahesabiwi na mgeni. Hata kama angewazia kwenda kwa Mzee Bartolomeo na simu yake, angeona aibu kuomba. Kwa hiyo programu ile ilikua ikiwajua ng'ombe wa baba peke yao. Haikuwahi kuona ng'ombe mwingine duniani.

Siku alipompelekea baba simu ile, nilikuwepo. Mayu alikuwa ameshona mfuko wa kitambaa wa kuining'iniza shingoni. Baba alikaa mahali pake, Seni akamwonyesha jinsi ya kuishika, na ng'ombe wa kwanza alipotokea nilisikia sauti yangu ikitaja jina lake. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Kila jina lilipotajwa baba alinyoosha mkono, akampapasa anayepita, akaitikia kwa kichwa. Alipopita Kabula na simu ikasema "Kabula", baba aliishusha simu ikalala kifuani.

"Seni," alisema. "Nilikuwa nakuuliza kazi yako unashika nini."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nimejua. Unashika macho."

Seni alisema anakwenda kuona kama maji yapo kwenye tangi. Maji yalikuwepo. Alikaa huko muda mrefu.

Baada ya hapo baba alitembea na simu hiyo kama mtu aliyepewa cheo. Mzee Bartolomeo alikuja alasiri kama kawaida yake, akaketi, akatazama, akaanza.

"Mwigulu, siku hizi unaongozwa na binti aliyefungwa kwenye simu."

"Huyo ni Yusta. Anachunga akiwa Iringa."

"Mshahara analipwa na nani, serikali au wewe?"

"Wewe wako wamesoma nini?"

"Wangu wamesoma kuchoma chapa. Tena hawahitaji chaji."

Walicheka hadi Bartolomeo akakohoa. Kisha akaiomba simu, akaipapasa kwa kidole gumba, akamrudishia mwenzake taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga. "Una mtoto, Mwigulu," alisema. Baba alilirudia neno hilo kwetu kwa wiki nzima.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Mto ulivunja kingo na bonde likajaa maji hadi kwenye mashamba ya mpunga. Usiku mmoja mazizi ya upande wetu yalizingirwa, na ng'ombe wa maboma kadhaa wakatawanyika kwenye maji. Watu waliokoa walichoweza. Maji yalipoanza kupungua, vijana waliwakusanya ng'ombe wote waliowaona na kuwaweka kwenye mwinuko mmoja, wamechanganyika, wamekonda, wametapakaa tope hadi masikioni. Wenye mali wakaitwa waje wachague.

Mimi na Seni tulikuwa tumekuja kuwajulia hali wazazi, tukamsindikiza baba. Wenye chapa walitengwa upesi, maana tope likifutwa pajani alama inaonekana. Wakabaki wa baba, na mitamba ya watu wengine iliyokuwa bado haijafika kiangazi cha kuchomwa.

Kwetu ng'ombe akigombewa, mzee huweka fimbo yake mgongoni mwa ng'ombe na kutaja jina lake. Akishaiweka, amesema mbele ya watu wote na haulizwi tena. Ndiyo maana watu huiweka fimbo kwa woga. Anayeiweka kwa ng'ombe asiye wake hana jina jingine zaidi ya mwizi.

Baba alikwenda na simu yake, Seni akimshika kiwiko. Alielekeza simu, sauti yangu ikataja jina, akapapasa, akaweka fimbo. Mmoja, mwingine, mwingine tena, na wote walikuwa wake. Watu walikuwa wamesogea kutazama. Nilimwona Seni amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona.

Kisha akaletwa mtamba wa kijivu, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso.

"Huyo wangu," alisema Mzee Bartolomeo. Alisema bila kelele, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba ameacha kofia yake.

Baba alielekeza simu. Sauti yangu ikasema, "Kabula."

"Mwigulu, huyo ni mtoto wa ng'ombe wangu. Dume lako ndilo lililompanda mama yake, ndiyo maana anafanana na wako. Mpapase vizuri."

Baba alimpapasa. Mkono ulianzia kwenye pembe changa, ukashuka kwenye shavu, ukafika kidarini, na hapo ukasimama. Nilimwona. Uso wake ulibadilika kidogo, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Aliurudisha mkono kwenye sikio, akalikunja, akaliachia. Sasa najua kwamba mkono wake ulikuwa umeshajua.

Lakini alikuwa na mwanawe ubavuni, na watu wote wanatazama. Aliinua simu tena. "Kabula," nilisema.

Baba akaweka fimbo.

Bartolomeo hakubisha. Alimwambia tu mwanawe Obeid, "Mlete mama yake." Obeid akaenda kwenye kundi la wenye chapa, akarudi na ng'ombe mzee wa kijivu. Hakumaliza hata kumfikisha. Yule mama alilia mara moja, na mtamba akatoka chini ya fimbo ya baba, akamfuata, na mama akaanza kumlamba tope usoni.

Na kama vile hilo halikutosha, vijana wawili wakatokea upande wa mpunga wakiwaswaga ng'ombe wachache waliokwama huko, na kati yao alikuwa Kabula mwenyewe, mzima, akitingisha sikio lake la kushoto.

Obeid aliichukua simu kutoka kwenye mkono wa baba. Haikuwa kwa ujeuri, nadhani alitaka kujua. Alimwelekezea ng'ombe mwenye chapa ya baba yake. Sauti yangu ikataja jina la ng'ombe wetu. Akamwelekezea maksai wa boma jingine. Ikataja jina la ng'ombe wetu. Akamwelekezea mbuzi. Watu wakaanza kucheka. Akageuka na kumwelekezea baba yake mwenyewe, Mzee Bartolomeo, na mimi, kwa sauti yangu ya upole, nikamwita jina la dume la baba.

"Ng'ombe wote wa Usangu ni wa Mwigulu," mtu mmoja alisema nyuma, na kicheko kikapasuka.

Seni alikuwa ameshaelewa kabla ya wote. Alinieleza baadaye kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani aliofeli: programu haikufundishwa neno la kumwita asiyemjua. Ilipoonyeshwa uso wowote ilichagua, kati ya majina iliyopewa, lile lililokaribia. Alijipenyeza mbele ya watu, akaanza, "Wazee wangu, kosa ni langu, mimi ndiye niliye..."

"Nyamaza," alisema baba.

"Baba, ni programu..."

"Simu haina fimbo. Nani kaweka fimbo?"

Seni akarudi nyuma hatua moja.

"Nimeweka mimi," baba aliwaambia watu. "Nimeweka fimbo kwenye ng'ombe wa mtu."

Mzee Bartolomeo alimgeukia. "Tangu Meatu," alisema, "hujawahi kugusa cha mtu." Ingekuwa nafuu kama angetukana.

Desturi ilitaka faini ya ng'ombe, na baba hakungoja atajiwe. Alitoa Kabula. Bartolomeo alikataa, wazee wengine wakasema desturi ni desturi, akampokea akitazama pembeni. Tulirudi nyumbani baba akiwa ameshika bega la Seni, kwa sababu alihitaji kuongozwa, na sikuwahi kuona mkono uliokaa begani kwa uzito namna ile. Hakumlaumu kwa neno hata moja. Alimuuliza tu kama amekula.

Mzee Bartolomeo hakuja alasiri ile, wala zilizofuata. Mayu alikuwa akiweka kigoda cha pili kwa mazoea, kisha akaacha.

Kiangazi kilipofika baba aliagiza chuma kwa mhunzi. Tulimkuta kwenye mlango wa zizi, moto umewashwa. Ng'ombe waliletwa mmoja mmoja na kuangushwa, na kila mmoja kabla hajaguswa na chuma baba aliweka kiganja kwenye uso wake na kumwambia jina lake. Harufu ya manyoya yaliyoungua ilikaa kwenye nguo zetu hadi Iringa. Seni ndiye aliyeshika miguu ya nyuma. Aliomba mwenyewe.

Programu hiyo ilikuwa imealikwa kwenye maonyesho ya vijana wabunifu Mbeya. Seni aliwaandikia kwamba haipo. Kazini aliendelea na ada za shule na foleni za zahanati. Brayson, ambaye alikuwa na haki ya kusema "nilikuuliza", hakusema, na nilimpenda kwa hilo.

Lakini mwisho wa wiki alianza kutoka. Alipanda pikipiki hadi Idodi, siku nyingine Kilolo, akasimama minadani na kando ya barabara, akiwaomba wenye ng'ombe ruhusa ya kupiga picha. Sasa hakuona aibu kuomba. Alikusanya nyuso za ng'ombe wasio wetu, mamia na mamia, na kuifundisha programu kwamba hao wote wapo duniani na haiwajui. Kisha akaniletea simu. "Nirekodie neno moja tu."

Nilijifunika blanketi. "Simjui," nilisema.

Tulikwenda Usangu pamoja. Baba alisikiliza maelezo yote, simu ikiwa juu ya magoti yake. Kisha akasema, "Usinionyeshe mimi. Mpelekee Bartolomeo."

Tulikwenda. Mzee Bartolomeo alitupokea kwa heshima, akatupa maziwa, na alipoelewa tunachotaka alituruhusu kusimama mlangoni ng'ombe wake wakirudi. Sikutegemea hilo. Seni aliinua simu. "Simjui," nilisema kwa ng'ombe wa kwanza. Simjui. Simjui. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilifikiri, labda, labda. Alipita yule mtamba wa nyota nyeupe, aliyezua mambo yote. Simjui. Bartolomeo alipumua.

Kisha akaja mwingine wa kijivu, akitingisha sikio la kushoto, na kabla Seni hajaishusha simu sauti yangu ikasema kwa furaha, kicheko kile kikiwa bado ndani yake, "Kabula."

Seni akaishusha. Kabula alipita. Pajani alikuwa na chapa mpya ya Bartolomeo.

"Mwambieni mwenzangu nimesikia," alisema mzee mwishowe. "Na mimi miguu yangu siku hizi..." Hakumaliza. Boma letu halikuwa mbali na pale, na sote tulijua.

Baba alikuwa anatungoja pale pale.

"Imesema nini?"

"Imesema haiwajui, baba," alisema Seni.

"Wote?"

Seni alinitazama. Mimi nilitazama chini.

"Ilimjua Kabula," alisema.

Baba aligeukia mlango wa zizi. Ng'ombe wake walikuwa wanaingia, naye alinyoosha mkono na kugusa makovu ya mapajani mwao walivyopita, mmoja baada ya mwingine. Hivyo ndivyo anavyowajua sasa.

"Mfute, ng'wanone," alimwambia mwanawe. "Si wetu."

Seni alifungua kompyuta kwenye kigoda kile cha pili, akamtafuta Kabula, asubuhi na jioni zake zote, tope lake na vumbi lake, akamfuta. Akafuta na sauti yangu iliyotaja jina lake. Kisha akamvalisha baba mfuko shingoni, na baba hakuuvua, wala hakuiinua simu.

Siku hizi, mtu akimwelekezea Kabula simu ile, mimi ndiye ninayesema simjui.